Hodi ya Nne

Shangazi alinifunza: hodi ni tatu.
Ukipiga ya tatu na kimya kikazidi,
geuza viatu vyako, rudi ulikotoka,
usichungulie dirishani.

Mimi niko kwenye ya nne.

Programu yangu niliiita Bomba.
Niliiandika miezi kumi na mmoja hapa Kuze,
ghorofa ya pili, feni ikizunguka kwa kusitasita,
kompyuta juu ya cherehani ya marehemu mama.
Kazi yake ilikuwa moja:
kukwambia leo maji yanatoka wapi,
Majengo, Tudor, Kaloleni, au hakuna kabisa,
ili Chengo asisukume mkokoteni
na mitungi ishirini mitupu
hadi kwenye mfereji unaokohoa hewa.

Watu elfu mbili na mia tatu waliipakua.
Waliolipia walilipa hamsini hamsini,
na katika kila shilingi kumi duka likachukua tatu.
Sikulalamika. Hata Marikiti kuna ushuru.
Ila mtoza ushuru wa Marikiti namjua,
ana kitambi, ana mkoba uliokatika kamba,
akikuonea unamfuata hadi kibandani
mkazozana, mkakumbushana
kuwa mamake na mamako walisoma chuo kimoja,
na mara nyingine hukurudishia kumi.

Jumatano moja ya Rajabu, Bomba ikaondolewa.
"Mpendwa JINA HAPA," barua ilianza,
"programu yako imekiuka kifungu cha nne nukta tatu.
Uamuzi huu ni wa mwisho. Usijibu barua hii."

Nikakisoma kifungu cha nne nukta tatu.
Kinasema usiige.
Nimemwiga nani? Nani mwingine duniani
alikuwa akihesabu mifereji ya Kaloleni?
Wiki tatu baadaye nikamwona: Bomba Plasi,
ya kampuni yenye anwani ya kisiwa nisichokijua,
samawati yangu ileile,
hata kosa langu la tahajia, "Mwembe Tayri," wamelinakili,
na tangazo la kamari kabla hujaona tone.

Hodi ya kwanza niliipiga kwa Kiingereza cha shuleni.
Ya pili kwa picha, tarehe, stakabadhi.
Ya tatu nikailipia, dola tisini na tisa, nizungumze na mtu.
Mtu akaitwa Msaidizi, akajibu kwa sekunde mbili,
akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha.

Ya nne, kwa kuwa hapana asomaye,
nikaandika nipendavyo:

    Ewe ulo huko juu, salamu zangu pokea,
    Imenivimba miguu, mlangoni nangojea,
    Mimi siombi makuu, kazi yangu natetea,
    Kosa langu kosa gani, ni nani wa kunambia?

Jibu: Lugha hii haikutambulika.
Je, jibu hili limekusaidia? Chagua nyota.

Shangazi alicheka hadi leso ikamdondoka.
"Yeye hakufungulii, na nyota wataka umpe wewe?"

Simu ya Chengo imepasuka kioo. Bomba hajaifuta.
Ndani mwake imeganda palepale,
Jumatano ile, saa tatu asubuhi,
Kaloleni maji tele.
Kwake yeye ni Jumatano kila siku.
Jana alikuja kuniuliza mbona inamdanganya.
Nikatafuta maneno: seva, cheti, kifungu.
Akanisikiliza, mkono mmoja juu ya mpini,
kisha akasema, "Sawa. Na leo yako wapi?"

Nikampigia Bi Swafiya wa Tudor.
Nikampigia yule fundi wa Majengo.
"Tudor," nikamwambia, "nyuma ya zahanati, mpaka adhuhuri."
Akaondoka, mitungi ikigongana.

Nami nikapanda ngazi, nikavua viatu,
nikafungua kompyuta.
Nyota zilikuwa bado zinangoja,
tano, tupu.